Kwa misuli iliyochoka, maji ya moto yanatosha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumzie biashara iliyoshika kasi hapa Kigoma, kuanzia soko la Mwanga hadi mwalo wa Kibirizi, ya pakiti za chumvi ya madini zinazouzwa kwa ajili ya kulowekea mwili uliochoka. Wauzaji hupita na vipaza sauti wakiwaambia wapagazi, wavuvi wa dagaa na wakulima wanaoshuka kutoka Manyovu kwamba chumvi hiyo ikiyeyushwa katika maji ya moto, madini yake hupenya ngozi, huingia ndani ya misuli, hufukuza sumu iliyojikusanya humo na kumwamsha mtu asubuhi akiwa hana maumivu yoyote. Kabla ya kustaafu nilifanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na kemikali iliyomo katika pakiti za namna hii ninaifahamu vizuri, kwa kuwa nimeipima kwa mikono yangu na kuwachoma nayo sindano akina mama waliokuwa katika hatari ya kufa. Ndiyo maana nimeona siwezi kunyamaza.

Nieleze mapema ninachokitetea. Maji ya moto humfaa mtu ambaye misuli yake inauma kwa sababu ya kazi, na wazee wetu walilijua jambo hilo tangu zamani. Ndiyo sababu mtu aliyerudi shambani akiwa amechoka huwekewa maji ya moto bafuni, na mzazi aliyejifungua hukandwa. Ninachokikataa ni dai kwamba nafuu hiyo hutokana na chumvi, na kwamba asiye na fedha ya pakiti hana namna ya kuipata. Mpagazi hulipwa kwa idadi ya magunia aliyobeba. Akitoa sehemu ya ujira wake wa siku kununua chumvi ya kumwaga pamoja na maji machafu, ni chakula cha watoto wake kilichomwagwa, na aliyemshawishi kufanya hivyo ana wajibu wa kuonyesha ushahidi.

Chumvi yenyewe ni magnesiamu salfeti, ambayo watu wazima wengi wanaikumbuka kwa jina la chumvi ya haluli. Waingereza huiita kwa jina la mji wa Epsom, ulio kusini mwa London, ambako mwanzoni mwa karne ya 17 ilijulikana chemchemi yenye maji machungu ambayo, kama inavyosimuliwa, ng'ombe walikataa kuyanywa. Mwaka 1695 daktari Nehemiah Grew aliandika juu ya chumvi hiyo na namna ya kuitoa majini. Sifa iliyoujaza mji ule wageni ilikuwa ya kunywa maji yale ili kufungua choo, na kazi hiyo haluli huifanya kweli hadi leo, kwa sababu ikiwa ndani ya utumbo huvuta maji na kulainisha kinyesi. Muuzaji anayeeleza kwamba chumvi hii imetumika Ulaya kwa mamia ya miaka anasema kweli, ila hawaelezi wasikilizaji wake kwamba ilitumikaje.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wakunga wenzangu watanielewa upesi. Magnesiamu salfeti ndiyo dawa tunayoitegemea katika wodi za wazazi kwa mama mwenye kifafa cha mimba au anayekikaribia. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliowahusisha akina mama zaidi ya 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba dawa hii hupunguza hatari ya kupata degedege kwa zaidi ya nusu. Katika utaratibu niliofundishwa na kuufuata, mama huanza kwa kupewa gramu 4 taratibu katika mshipa na gramu 10 katika misuli ya makalio, gramu 5 kila upande, kisha gramu 5 kila baada ya saa 4. Hatumpi dozi inayofuata kabla ya kuhakikisha kwamba goti lake bado linaruka likigongwa, kwamba anapumua angalau mara 16 kwa dakika, na kwamba anatoa mkojo usiopungua mililita 30 kwa saa. Pembeni ya kitanda huwekwa kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo kinga yake iwapo dawa itazidi, kwa maana magnesiamu ikizidi katika damu hulegeza misuli hadi ile ya kupumulia, na mgonjwa anaweza kufa akiwa ametulia tu kitandani.

Naomba msomaji alinganishe hayo na maelekezo ya pakiti. Kipimo kinachotajwa kwa kawaida kwa mtu anayelala katika bafu la kuogea ni gramu 300 hadi 500. Kama ngozi ingepitisha sehemu ndogo tu ya chumvi hiyo, tuseme gramu 15 kati ya 500, basi aliyejiloweka angekuwa amepokea zaidi ya dozi ile ya kuanzia ambayo sisi tulimpa mama huku tukimhesabia pumzi. Ingekuwa hivyo, watu wangekuwa wanapoteza fahamu bafuni kila siku, nasi tusingekuwa na haja ya sindano inayouma vile. Tungemweka mama katika beseni. Hatufanyi hivyo kwa sababu ngozi haipitishi. Tabaka lake la juu ni seli zilizokufa zilizobanana na kushikamanishwa na mafuta, na chembe ya magnesiamu iliyo majini, ikiwa na chaji yake ya umeme na maji yaliyoizunguka, haina njia ya wazi ya kuvuka mafuta hayo. Wataalamu waliopitia tafiti zote za jambo hili na kuchapisha mapitio yao mwaka 2017 walihitimisha kwamba hakuna msingi wa kisayansi wa kupendekeza magnesiamu kwa kupitia ngozi, na kwamba mwenye upungufu wa madini hayo ayapate kwa kula au kwa dawa ya kumeza. Hapa kwetu chakula hicho hakiko mbali: maharage, karanga, mboga za majani za kijani na dona vyote vina magnesiamu ya kutosha.

Kuna pia hili dai la sumu. Nimesikia ikitajwa asidi ya laktiki, kwamba hubaki katika misuli baada ya kazi nzito na kuiumiza hadi itolewe kwa chumvi. Asidi hiyo huongezeka kweli mtu anapofanya kazi kwa nguvu, lakini mwili huiondoa na kuitumia, na baada ya saa moja hivi ya kupumzika huwa imerudi katika kiwango chake cha kawaida. Maumivu tunayoyazungumzia huja baadaye sana. Mtu aliyelima jana jioni analala vizuri, anaamka amekakamaa, na kesho kutwa ndipo anaposhindwa kuchuchumaa. Mwaka 1902 mwanafiziolojia wa Marekani, Theodore Hough, alieleza kwamba maumivu ya namna hiyo hutokana na kuchanika kudogo kudogo ndani ya msuli wenyewe, na ingawa elimu imeongezeka tangu hapo, msingi huo haujaanguka. Nyuzi za msuli zikiumia, mwili huanza kuzitengeneza. Eneo hilo huvimba kidogo, neva huwa nyepesi kuhisi, na maumivu hufikia kilele kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi. Hakuna sumu ya kufyonzwa. Taka halisi za mwili huondolewa na ini na figo, usiku na mchana, bila kuhitaji pakiti.

Kazi inayoumiza zaidi si lazima iwe ile iliyo nzito kuliko zote. Ni ile inayoulazimisha msuli kurefuka huku ukiwa umekaza, kama vile kuteremka mlima ukiwa na mzigo, kuushusha mzigo begani taratibu, au kuzuia jembe lisianguke kwa uzito wake. Anayetoka Manyovu na mkungu wa ndizi kichwani huumwa mapaja kwa ule mteremko, wala si kwa mahali alipopanda. Na mwili una fadhila yake: msuli ulioumia mara moja kwa kazi fulani huumia kidogo kuliko mara ya kwanza kazi hiyo inaporudiwa baada ya wiki moja au mbili. Mvua za kwanza zinaponyesha na watu wakaanza kulima, maumivu ya wiki ya kwanza huwa makali na ya wiki ya tatu huwa hayatajwi tena. Katika muda huo muuzaji wa chumvi hujipatia sifa isiyo yake, kwa kuwa maumivu yangepungua hata kama mteja wake asingenunua kitu.

Kuhusu joto, hilo lina kazi inayoeleweka. Ngozi na misuli iliyopata joto hutanua mishipa yake ya damu, damu hupita kwa wingi zaidi, msuli uliokaza hulegea, na neva zinazohisi joto huufanya ubongo usizingatie sana maumivu. Mtu aliyejiloweka pia amekaa kimya kwa dakika 20, jambo ambalo wengi wetu hatulifanyi mchana kutwa, na akilala baada ya hapo usingizi humjia kirahisi zaidi. Haya yote ni nafuu ya kweli ingawa ni ya muda. Nyuzi zilizoumia zitapona kwa siku zake. Mimi naona nafuu ya saa chache inayomwezesha mtu kulala ni jambo kubwa kwa aliyetoka kubeba mifuko ya saruji ya kilo 50 kuanzia alfajiri, na sipendi kuona inadharauliwa kwa sababu tu haina jina la kigeni.

Tatizo ni kwamba maelekezo ya pakiti hizo yameandikwa kwa watu wenye bafu la kulala ndani yake, lenye lita 150 za maji au zaidi. Nyumba nyingi za Mwanga, Gungu na Ujiji zina ndoo na beseni. Kwa hiyo niandike hapa namna ambayo nimekuwa nikiwaelekeza watu, nikitumia hesabu ambayo kila mmoja anaweza kuirudia. Joto linalofaa ni nyuzi 38 hadi 40, yaani juu kidogo ya joto la mwili. Hapa kwetu, kwa kuwa tuko kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa kwenye nyuzi 97, na maji yaliyokaa ndani ya nyumba huwa na nyuzi 25 au karibu na hapo. Ukichukua sehemu moja ya maji yanayochemka na sehemu nne za maji ya kawaida utapata maji ya nyuzi 39. Kwa ndoo ya lita 20 maana yake ni lita 16 za maji ya kawaida na lita 4 zilizochemshwa, ambazo ni sufuria moja tu, na mkaa wake si mwingi. Tangulizeni maji ya baridi katika ndoo au beseni, kisha ndipo mmimine yale ya moto, mkoroge, halafu mpime kwa kiwiko kama mnavyopima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Kiganja cha mkulima kimekomaa na hakihisi, kiwiko hakidanganyi.

Mwenye maumivu ya miguu akae kwenye kigoda, aingize miguu katika beseni lenye kina cha kufika angalau katikati ya muundi, na ajifunike khanga au shuka magotini ili joto lisipotee upesi. Mwenye maumivu ya mgongo au mabega hawezi kuingia katika beseni, hivyo achukue taulo nene, alichovye katika maji hayo hayo, alikamue na kulilaza mahali panapouma, akilirudia kila linapopoa. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Maji yakipoa kabla ya muda huo, miguu itolewe kwanza nje, maji ya moto yaongezwe na kupimwa tena, ndipo irudishwe. Nimewauguza watu walioungua kwa sababu mwenzao aliongeza maji yanayochemka wakati miguu ingali ndani. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache tu. Baada ya hapo mtu ajinyooshe polepole, atembee kidogo uani, anywe maji, kwa sababu amekuwa akitoka jasho tangu asubuhi. Kuchuliwa taratibu kwa mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, kunafaa pia, mradi mkono wa anayechua usiwe wa kushindana na maumivu.

Na chumvi? Aliyekwisha kuinunua aitumie akipenda, haitamdhuru akiwa hana jeraha wala ugonjwa nitakaoutaja hapa chini. Ajue tu kwamba haimwongezei joto wala haimfanyi aelee juu ya maji. Katika Bahari ya Chumvi iliyo kati ya Israeli na Yordani watu huelea kwa sababu takriban asilimia 34 ya maji yake ni chumvi; kuifikia hali hiyo katika ndoo moja ya lita 20 kungehitaji chumvi ya kilo 10. Konzi moja ndani ya beseni haifanyi lolote la aina hiyo.

Wapo waliojibu hoja zangu kwa kusema kwamba kama ni hivyo, tuachane na chumvi ya kigeni na tutumie ya Uvinza. Nami naipenda Uvinza. Chemchemi zake za maji ya chumvi, zilizo karibu na mahali mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi, zimechemshwa na watu kwa zaidi ya miaka 1,000, kama ulivyoonyesha uchimbuaji wa mambo ya kale ulioelezwa na watafiti Sutton na Roberts mwaka 1968. Chumvi yake ilibebwa na misafara kwenda kila upande. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke, walipopita huko mwaka 1858 wakielekea Ujiji, waliikuta ni bidhaa kubwa ya njia hiyo. Wapagazi wa misafara ile, Wanyamwezi wengi wao, walikuwa na maumivu ya miguu na mabega kuliko yeyote kati yetu, na chumvi ya Uvinza waliithamini kwa chakula na kwa kubadilishana mali. Kwa sehemu kubwa ni kloridi ya sodiamu, ileile tunayoitia katika ugali wa mgonjwa na katika samaki wa kukaushwa. Kuitia katika maji ya kuloweka hakuna ubaya na hakuna faida ya misuli, na afadhali ibaki jikoni.

Muuzaji mmoja alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba Ziwa Tanganyika lenyewe ni dawa kwa sababu lina magnesiamu. Ni kweli kwamba maji ya ziwa letu yana magnesiamu nyingi kuliko kalsiamu, takriban miligramu 40 kwa kila lita, jambo ambalo ni la pekee kidogo kwa ziwa la maji baridi. Lakini kuwepo kwa madini katika maji hakuthibitishi kwamba yanaingia mwilini kwa kupitia ngozi. Kinachopenya ngozi kweli, tena kwa dakika chache, ni kiluwiluwi cha kichocho, ambacho hukaa katika maji ya kina kifupi penye majani na konokono karibu na makazi ya watu. Kumshauri mtu akalale nusu saa katika maji kama hayo ili apone mgongo ni kumtafutia ugonjwa wa miaka.

Jambo la maji ya baridi nalipitia kwa ufupi, kwa kuwa wapo vijana wa mpira wanaouliza. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kwamba kujiloweka katika maji ya baridi baada ya mazoezi kunapunguza maumivu ya siku zinazofuata kuliko kupumzika tu. Maji yaliyotumika katika tafiti nyingi ni ya nyuzi 10 hadi 15, na ziwa letu juu yake halishuki kufikia hapo; bila barafu halipatikani joto hilo hapa. Ila aliyeteguka kifundo leo, kikavimba, asikiloweke katika maji ya moto siku hiyo wala siku mbili zinazofuata, kwa sababu joto litaongeza uvimbe. Huyo anahitaji kitambaa cha maji ya baridi na kuuinua mguu.

Nirudi kwenye madhara, ambayo sijasikia yakitajwa katika kipaza sauti hata mara moja. Mgonjwa wa kisukari asiloweke miguu katika maji ya moto. Wengi wao wamepoteza hisia za nyayo bila kujua, na nimewaona wakiungua bila kushtuka, kisha kidonda kidogo kikawa kikubwa hadi kikahitaji upasuaji. Ngozi iliyoloa kwa muda mrefu nayo hulainika na kupasuka, na kwa mwenye kisukari mpasuko kati ya vidole ni mlango wa maradhi. Mama mjamzito asikae katika maji yanayompandisha joto la mwili, hasa katika miezi mitatu ya kwanza. Mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu asisimame ghafla baada ya kujiloweka, kwani mishipa iliyotanuka humshusha shinikizo la damu na anaweza kuanguka bafuni kwenye sakafu ya saruji. Aliyekunywa pombe asubiri hadi kesho.

Naongeza neno kuhusu kumkanda mzazi, ingawa linakwenda kando kidogo. Desturi hiyo ina upendo ndani yake na siipingi, lakini mara nyingi maji yanayotumika ni ya moto mno, na kukandamiza tumbo kwa nguvu kunaumiza tumbo la uzazi lililo katika hali ya kujirudi. Kipimo cha kiwiko nilichokieleza kinahusu hapo pia, na kwa aliyefanyiwa upasuaji kovu lisiguswe kabisa.

Haluli kunywewa ni hatari nyingine. Kwa kuwa pakiti hizi zinasifiwa kwamba zinasafisha mwili, wapo wanaoyeyusha vijiko kadhaa katika glasi na kunywa. Mtu mzima mwenye figo nzima ataharisha na kupungukiwa maji. Mwenye figo dhaifu, na wapo wengi wasiojijua, hawezi kuitoa magnesiamu hiyo kwa mkojo, nayo hupanda katika damu hadi kufikia yale madhara tuliyokuwa tukimkinga nayo mama wa kifafa cha mimba, safari hii hakuna muuguzi pembeni wala kalsiamu glukoneti mezani. Watoto wasipewe kabisa.

Yapo pia maumivu ambayo hayafai kukaliwa nyumbani kwa beseni la maji. Mwenye kuumwa mwili mzima huku ana homa akapimwe malaria, kwa kuwa mkoa wetu unaijua vizuri. Aliyefanya kazi ya kupita kiasi juani, misuli ikavimba na kuwa dhaifu, na mkojo wake ukawa na rangi ya chai ya rangi, awahi hospitali siku hiyo hiyo; huo ni msuli ulioharibika na kumwaga vitu vyake katika damu, na figo zinaweza kusimama. Muundi mmoja ukivimba, ukawa na joto na kuuma huku ule wa pili hauna shida, usichuliwe wala kukandwa, kwa sababu huenda kuna damu iliyoganda katika mshipa, na kuuchua kunaweza kuifanya damu hiyo ising'ang'anie hapo bali isafiri hadi mapafuni. Maumivu ya mgongo yanayoambatana na ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia haja nayo ni ya daktari.

Kwako wewe Mhariri nina maombi mawili. La kwanza ni kwamba gazeti lako, linapopokea tangazo la chumvi ya kulowekea mwili, limtake mtangazaji aandike jina la kemikali iliyomo na tahadhari kwa wenye kisukari, wenye ugonjwa wa figo na wajawazito, na lisikubali kuchapa neno "hutibu" bila mtangazaji kuonyesha kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Bidhaa inayodai kutibu ni dawa, na dawa nchini mwetu husajiliwa. Kama ni kipodozi cha kuogea tu, basi tangu mwaka 2019 kiko chini ya Shirika la Viwango, na muuzaji aseme ni kipodozi. La pili ni kwamba ukurasa wa afya uwape nafasi wataalamu wa tiba ya viungo wa hospitali za mikoa ya Kigoma na Tabora, waandike kwa lugha ya mkulima namna ya kuanza msimu wa kilimo pole pole, namna ya kuinua gunia kwa miguu badala ya mgongo, na namna ya kujikanda kwa maji ya moto. Makala hiyo ikichapwa mwezi Septemba itawafikia watu kabla mvua hazijaanza na majembe hayajatoka stoo.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Mwanga, Manispaa ya Kigoma Ujiji.